Kujifunza Lugha Mpya ya Skripti Ukiwa Tayari Unajua Kuandika Programu

Niliwahi kuandika skripti, yaani programu fupi, kwa lugha ya Ruby, ya kunitumia onyo kila programu fulani inapopata hitilafu. Ilihesabu makosa yaliyomo kwenye faili la kumbukumbu (log, ambamo programu huandika yanayoitokea), kisha ikauliza swali jepesi: `if makosa`. Kwa miaka mingi nilikuwa mtu wa Python, na huko sifuri ni sawa na "hapana". Ruby haioni hivyo. Kwake sifuri ni kitu kama vitu vingine, na kila kitu kilichopo ni "ndiyo". Basi simu ikalia usiku kucha, kila baada ya dakika tano, ikinijulisha kwamba kuna makosa 0.

Kilichonichongea ni uzoefu wangu. Anayeanza kabisa angefungua kitabu, angefika kwenye sura ya masharti na kusoma kwamba Ruby huhesabu `nil` (yaani hakuna kitu) na `false` peke yake kuwa "hapana". Mimi sura hiyo niliiruka, maana `if` nilishaijua. Vitabu vya wanaoanza humchosha mzoefu kwa kumweleza kitanzi ni nini, na mambo yatakayomuuma yamo katika kurasa zilezile anazozipindua haraka haraka.

Njia ninayoifuata siku hizi ndiyo hii hapa. Inachukua jioni nne au tano, na inahitaji kompyuta na daftari. Daftari nalisema kwa dhati, utaona sababu yake kwenye hatua ya tatu.

Hatua ya 1: Chagua programu uliyokwisha kuiandika

Usianze na wazo jipya. Ukianza na wazo jipya utapambana na mambo mawili kwa wakati mmoja: tatizo lenyewe na lugha yenyewe. Programu ikigoma, hutajua lipi kati ya hayo limekushinda. Chukua kitu ulichokwisha kukiandika kwa lugha unayoimudu, kitu ambacho majibu yake unayajua hata ukiwa umefumba macho.

Ninayoipenda mimi ni hii: soma faili la kumbukumbu lililotajwa kwenye mstari wa amri, hesabu kila neno la kwanza la mstari limetokea mara ngapi, panga kuanzia kubwa, chapisha kumi za juu. Faili lisipokuwepo, toa ujumbe unaoeleweka na utoke kwa namba ya kushindwa. Kwa lugha nyingi haizidi mistari arobaini, lakini ndani yake kuna kusoma faili, kukata maandishi, kamusi (jozi za ufunguo na thamani), kupanga, kupokea hoja (data unayoipa programu au fanksheni unapoiita) kutoka nje, na kushughulikia makosa. Kazi nyingi za kila siku za skripti zimejengwa kwa vipande hivyohivyo.

Programu ya kuchapisha "Hujambo dunia" haikufundishi chochote hapa, zaidi ya kuthibitisha kwamba lugha imesakinishwa.

Hatua ya 2: Jua una toleo gani

Hatua hii ni fupi, ila ukiipuuza itakula jioni nzima. Uliza lugha toleo lake kabla ya kuandika mstari wowote, kisha hakikisha maelezo unayoyasoma ni ya toleo hilohilo. Python 2 iliachwa rasmi tarehe 1 Januari 2020, lakini mifano yake bado imezagaa mtandaoni, na `print` isiyo na mabano ndiyo dalili ya kwanza. Lua ilipata namba kamili katika toleo la 5.3, mwaka 2015: kabla ya hapo `10/2` huchapishwa 5, baada ya hapo huchapishwa 5.0. Programu nyingi zilizobeba Lua ndani yake, hasa michezo, zinatumia 5.1 hadi leo. Na kompyuta za Mac huja na Bash 3.2, ilhali kamusi ziliingia kwenye Bash kwa toleo la 4 mwaka 2009. Skripti inayofanya kazi vizuri kwenye seva itakufia mikononi kwenye Mac, na ujumbe wa kosa hautakuambia kwamba tatizo ni toleo.

Ukimaliza hapo, tafuta mlango wa majibizano, yaani pale unapoandika mstari mmoja na kujibiwa papo hapo. Kwa Python andika `python3`, kwa Ruby `irb`, kwa JavaScript `node`, kwa Lua `lua`, kwa PHP `php -a`. Perl haina mlango wake maalumu, lakini `perl -de 1` inakufungulia kisaka-makosa chake, nacho kinatosha.

Hatua ya 3: Ihoji lugha

Hapa ndipo penye kazi hasa, na hapa ndipo ninapotumia jioni nzima ya kwanza. Fungua mlango wa majibizano na uweke daftari pembeni. Kwa kila swali, andika kwanza jibu *unalolitarajia*, kisha uliza, kisha andika ulilojibiwa. Pale majibu mawili yanapotofautiana, chora duara jekundu. Ukiuliza bila kukisia kwanza, akili itajidanganya kwamba ilijua tangu mwanzo.

*Kipi ni "hapana"?* Jaribu vitu vinne: `0`, maandishi matupu `""`, maandishi `"0"`, na orodha tupu. Python huviita vyote "hapana" isipokuwa `"0"`. PHP na Perl huviita vyote vinne "hapana". JavaScript inakataa `0` na `""`, lakini orodha tupu inaikubali. Ruby na Lua zinavikubali vyote vinne. Bash nayo imegeuza kibao kabisa: amri ikimalizika kwa namba 0 maana yake imefaulu, na `if` huichukua kuwa "ndiyo". Lugha zote hizi zina neno `if`, na hakuna sababu ya kudhani linauliza swali lilelile.

*Alama ya + inafanya nini?* Neno "paa" ukiliona peke yake huwezi kujua kama ni mnyama, ni sehemu ya nyumba, au ni kitendo cha kuruka angani, mpaka uone sentensi nzima. Ndivyo ilivyo alama ya kujumlisha katika JavaScript: `"5" + 3` ni `"53"`, lakini `"5" - 3` ni 2. Perl, PHP na Lua zina alama tofauti ya kuunganisha maandishi, kwa hiyo `"5" + 3` kwao ni 8. Python na Ruby zinakataa katakata na kutoa kosa. Kwa maoni yangu kukataa ndiko kuzuri zaidi, lakini hujaulizwa maoni. Umetakiwa kujua lugha uliyonayo iko upande gani.

*Usawa ni upi?* Kama lugha ina `==` na `===`, ujue kuna kisa nyuma yake. Katika PHP, `0 == "abc"` ilikuwa kweli hadi toleo la 8, lililotoka mwaka 2020, likabadilisha. Kwa Python angalia tofauti ya `==` na `is`: ya kwanza inalinganisha thamani, ya pili inauliza kama ni kitu kilekile hasa. Perl na Bash zina alama za kulinganisha namba na nyingine za kulinganisha maandishi, na ukizichanganya mara nyingi hakuna atakayekupigia kelele.

*Kugawanya na kubaki.* Jaribu `-7 % 3`, yaani baki la -7 ikigawanywa kwa 3. Python, Ruby, Lua na Perl zinajibu 2. JavaScript na PHP zinajibu -1. Kama unatumia baki kuzungusha faharasa ya orodha au kuhesabu siku za wiki, tofauti hii itajitokeza siku namba ya kwanza hasi itakapoingia, pengine miezi sita baada ya kuisahau skripti.

*Nikinakili, nimenakili?* Tengeneza orodha `a`, andika `b = a`, badilisha `b`, kisha itazame `a`. Katika Python, Ruby, JavaScript na Lua utakuta `a` nayo imebadilika, kwa sababu ni majina mawili ya orodha moja. Katika PHP orodha hunakiliwa, na `a` itabaki ilivyokuwa. Ukiwa hapo jaribu na ndugu yake wa Python: fanksheni yenye hoja ya akiba (thamani inayotumika usipotoa nyingine) `orodha=[]`. Orodha hiyo hutengenezwa mara moja tu, fanksheni inapotangazwa, na kila mwito hutumia ileile. Ruby na JavaScript hutengeneza mpya kila mwito.

*Kisichokuwepo kinajibuje?* Omba kwenye kamusi ufunguo usiokuwemo. Python inatoa kosa. Ruby na Lua zinakupa `nil`, JavaScript `undefined`, Perl `undef`. Halafu kosea jina la kigeu (jina linalobeba thamani) kwa makusudi, andika `idadii` badala ya `idadi`. Lua inakupa `nil` na kusonga mbele kana kwamba hakuna kitu. Perl vilevile, isipokuwa umeandika `use strict` juu ya faili, na hakuna sababu ya kutoiandika. Bash inaweka utupu mahali pa kigeu, na huko kuna hatari ya kweli: `rm -rf "$folda/"*` yenye `folda` tupu inageuka kuwa amri ya kufuta kila kitu kuanzia mzizi wa diski. Weka `set -u` juu ya kila skripti ya Bash.

*Kigeu kinaishi wapi?* Katika Lua na Bash, kigeu ulichokianzisha ndani ya fanksheni kinaonekana kila mahali usipoandika `local`. Katika Python ni kinyume chake.

Kisha yale madogo madogo. Orodha inaanza na 0 au na 1? (Lua huanza na 1, na wanaotoka C hulalamika kwa wiki moja kisha wakazoea.) Urefu wa maandishi unahesabiwa kwa herufi au kwa baiti? Lua na `strlen` ya PHP huhesabu baiti, kwa hiyo `é` katika mfumo wa UTF-8 ni 2. Python na Ruby husema 1. Kupanga orodha hupanga kwa mfumo upi? JavaScript, usipoiambia vinginevyo, huzigeuza namba kuwa maandishi kwanza, na `[10, 9, 1].sort()` inakupa 1, 10, 9. Hili la mwisho nimeliona likipita mikononi mwa watu wazoefu kabisa bila kushtukiwa, kwa sababu data ya majaribio ilikuwa na namba za tarakimu moja tu.

Mwisho wa jioni daftari lako litakuwa na duara nane au kumi nyekundu. Hizo ndizo sura za kitabu unazopaswa kuzisoma neno kwa neno. Zilizobaki zirukie.

Hatua ya 4: Iandike kwa lafudhi yako

Sasa andika ile programu ya hatua ya kwanza. Usijihangaishe na uzuri. Itatoka na lafudhi ya lugha uliyozaliwa nayo, na si neno. Mtu anayetoka C akiandika Python atatoa kitu kama hiki:

```
hesabu = {}
mistari = open("kumbukumbu.txt").readlines()
i = 0
while i < len(mistari):
    neno = mistari[i].split(" ")[0]
    if neno in hesabu:
        hesabu[neno] = hesabu[neno] + 1
    else:
        hesabu[neno] = 1
    i = i + 1
```

Inaenda. Inatoa majibu. Linganisha majibu hayo na ya programu yako ya zamani, mstari kwa mstari, juu ya faili lilelile. Yakitofautiana hata kwa moja, usiseme "karibu sawa". Humu kwa mfano mna kosa: `split(" ")` hukata penye nafasi tu, kwa hiyo mstari wenye neno moja `KOSA` unabaki na alama yake ya mwisho wa mstari, na unahesabiwa kando na `KOSA` nyingine zote. Mistari mitupu nayo inahesabiwa kama neno.

Hatua ya 5: Iandike upya kama wenyeji

Pumzika siku moja. Kisha tafuta wenyeji wa lugha wanafanyaje kila kipande. Maswali yawe madogo: wanahesabuje vitu? Wanafunguaje faili? Kwa Python utafika hapa:

```
from collections import Counter

with open("kumbukumbu.txt", encoding="utf-8") as faili:
    hesabu = Counter(m.split()[0] for m in faili if m.strip())

for neno, idadi in hesabu.most_common(10):
    print(idadi, neno)
```

Ufupi si hoja kubwa hapa. Tazama kilichobadilika chini yake. `split()` isiyo na kitu ndani ya mabano hukata penye nafasi ya aina yoyote na kuitupa alama ya mwisho wa mstari, hivyo lile kosa la `KOSA` limeondoka. Faili linasomwa mstari mmoja mmoja, kwa hiyo la gigabaiti kumi halitajaza kumbukumbu ya mashine. `with` inalifunga hata kama katikati kumetokea hitilafu. Na lile sharti la mwisho, `if m.strip()`, lipo kwa sababu mstari mtupu ukikatwa hivyo hutoa orodha tupu, na kuomba kipengele chake cha kwanza kungeangusha programu nzima.

Eleza kwa sauti kila tofauti kati ya matoleo hayo mawili. Usiyoweza kuieleza, irudishe kama ilivyokuwa mpaka uielewe. Kunakili mtindo wa wenyeji bila kujua sababu yake ni kubadilisha lafudhi bila kuelewa unachokisema.

Siku hizi wengi wataichukua programu yao ya zamani na kuiomba akili bandia iitafsiri. Itatafsiri, na mara nyingi vizuri. Mimi naitumia baada ya kuandika toleo langu, iniambie pale nilipoandika kigeni, kwa sababu nikiitumia kabla ya hapo napata programu inayofanya kazi na daftari lisilo na duara hata moja.

Kama lugha ina kikaguzi cha mtindo, kisakinishe sasa na usingoje kubobea: ESLint kwa JavaScript, RuboCop kwa Ruby, luacheck kwa Lua. ShellCheck ya Bash naiweka peke yake. Kila inapokugombeza inakupa namba ya kosa yenye maelezo marefu ya sababu, na nimejifunza mengi zaidi kwayo kuliko kwa kitabu chochote cha Bash.

Hatua ya 6: Iharibu

Chukua programu inayofanya kazi na uivunje kwa makusudi, kosa moja kwa wakati. Futa mabano. Ita fanksheni isiyokuwepo, tena uiweke ndani ya tawi la `if` lisilofikiwa. Ipe jina la faili lisilokuwepo. Ipe folda badala ya faili.

Unatafuta mambo mawili. La kwanza, makosa gani hukamatwa kabla programu haijaanza, na yapi hungoja mpaka mstari wenyewe ufikiwe. Kwa lugha za skripti mabano yaliyosahaulika kwa kawaida hukamatwa mapema, lakini jina la fanksheni lililokosewa linaweza kulala ndani ya tawi hilo mwaka mzima. Anayetoka kwenye lugha zenye kompaila kali (kitafsiri kinachoikagua programu nzima kabla haijaendeshwa) hushtuka hapa, na ndipo anapoelewa kwa nini wenzake wa skripti huandika majaribio mengi hivyo.

La pili, lugha inatangazaje kushindwa. Python, ikishindwa kufungua faili, inatoa kosa na kusimama. `io.open` ya Lua inarudisha `nil` pamoja na ujumbe, na ni juu yako kuangalia. `open` ya Perl inarudisha "hapana" kimyakimya, ndiyo sababu kila mwenyeji wa Perl huandika `or die` mwishoni. Bash inaandika malalamiko kwenye skrini kisha inaendelea na mstari unaofuata kana kwamba mambo ni shwari. Usipolijua hili, skripti zako zitashindwa bila wewe kujua, na hiyo ni hali mbaya kuliko kuanguka kwa kishindo.

Jifunze pia kusoma ujumbe wa kosa. Ule wa Python unasomwa kutoka chini kwenda juu: mstari wa mwisho unasema kilichotokea, na ya juu yake inaonyesha njia iliyofika hapo.

Hatua ya 7: Maktaba, lakini kwa kiasi

pip, gem, npm, luarocks, CPAN: kila lugha ina ghala lake la maktaba, yaani msimbo ulioandikwa tayari na wengine. Jua amri ya kusakinisha na jinsi ya kuzitenga maktaba za mradi mmoja na za mwingine (kwa Python ni `venv`), kisha uliache ghala kwa sasa. Mwezi wa kwanza baki na maktaba inayokuja na lugha. Isipokuwa Lua: maktaba yake ni ndogo kwa makusudi, maana iliundwa mwaka 1993 huko Rio de Janeiro ili iishi ndani ya programu nyingine, na hata kuorodhesha mafaili ya folda itakubidi utafute msaada wa nje.

Hatua ya 8: Ipe kazi inayojirudia

Tafuta jambo unalolifanya kwa mkono kila wiki: kubadilisha majina ya mafaili, kuhamisha nakala za akiba, kuchambua ripoti. Liandike kwa lugha mpya, uliache lifanye kazi. Skripti inayoendeshwa kila wiki itakutana na data ambayo hukuifikiria, na utarudi kuirekebisha ukiwa umesahau nusu ya uliyojifunza. Kurudi huko ndiko kunakokaza elimu, na ndipo utakapojua kama uliandika kwa namna inayosomeka.

Kila unaporudi, njoo na daftari. Kosa jipya likitokea, angalia kwanza kama lilikuwa ndani ya duara jekundu. Langu la Ruby sasa lina mstari wa `if makosa > 0` uliopigiwa mistari miwili chini yake, na pembeni nimeandika saa simu ilipolia mara ya kwanza: saa nane na dakika tano usiku.